Usivuke Mto Usiku

ILIKUWA Ijumaa, saa tisa alasiri, nilipoiaga nyumba ya baba yangu huko Mtoni kwa Azizi Ali, wilayani Temeke, nikaingia garini peke yangu kuanza safari ya Kilwa Kivinje. Jirani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akichambua mchicha barazani, aliinua uso akaniuliza, "Na dereva yuko wapi?" Nilipomjibu kuwa dereva ni mimi mwenyewe, alinitazama, akalitazama na gari, kisha akasema, "Mungu akutangulie, mwanangu."

Dua ile niliipokea kwa moyo wote, kwani safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Nilikuwa nakwenda kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye umri wake umepita miaka 80. Kwa muda wa miezi saba shangazi alikuwa hajaisikia sauti ya mdogo wake, na sababu ya jambo hilo tulikuwa tumemficha.

Ukweli ni kwamba baba alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto ulilegea, na ulimi ukawa mzito. Mtu ambaye zamani alikuwa akizungumza barazani hata wapita njia wakasimama kumsikiliza, sasa neno moja lilimtoa jasho. Simu ikilia, alikuwa akitikisa kichwa na kugeuza uso. Hakutaka dada yake amsikie katika hali ile.

Sisi watoto, kwa kudhani kuwa tunamhurumia shangazi, tukawa tunamjibu kila apigapo simu: "Baba hajambo, amelala." Au: "Baba hajambo, ametoka kidogo." Lakini shangazi si mtoto mdogo. Siku moja aliniambia kwa sauti ya upole, "Kama hajambo, mbona hasemi nami? Basi mwambieni nimesikia." Tokea siku hiyo hakupiga tena. Korosho na ng'onda alizokuwa akituletea kwa mabasi nazo zikakoma.

Ndipo ikaamuliwa nyumbani kwamba mmoja wetu aende. Kaka zangu walikuwa na udhuru wa kazi, kila mmoja wake. Nikabaki mimi.

Kabla sijatoka, baba alinishika kwa mkono wake wa kulia. Maneno matatu yalimchukua muda mrefu kuyatamka: "Usivuke mto usiku."

Nilielewa asili ya maneno hayo. Katika miaka ya 1970 na 1980 baba alikuwa dereva wa lori katika barabara hii ya kusini. Wakati huo mto Rufiji haukuwa na daraja hapa. Magari yalivushwa kwa kivuko pale Ndundu, na jua likishazama kivuko kilifungwa. Aliyechelewa alilala ukingoni. Lakini leo Daraja la Mkapa liko wazi usiku na mchana. Hivyo nilimwitikia baba kwa heshima, huku moyoni nikisema kuwa mzee anaikumbuka barabara ambayo haipo tena.

MJI USIOKWISHA

Ndugu msomaji aliyezoea Barabara ya Kilwa haitaji kuelezwa habari za Mbagala siku ya Ijumaa jioni. Ingawa sasa barabara ni pana na mabasi ya mwendo kasi yamejengewa njia zao katikati, magari mengine yalikuwa yamebanana kuanzia Mtongani hadi Zakhem, na kutoka Zakhem hadi Rangi Tatu. Wachuuzi walipita baina ya magari wakiuza maji, karanga na vitambaa vya kufutia jasho.

Baba husimulia kwamba katika ujana wake, akishapita Mtoni alijihesabu yuko safarini, kwani mbele yake kulikuwa na minazi na mikorosho mitupu. Leo mji hauishii Mtoni wala Mbagala. Nilipita Kongowe, nikapita Mwandege, nikaingia Vikindu ambako tayari ni Mkoa wa Pwani, na bado nyumba zilinifuata pande zote mbili: nyingine zimekwisha kuezekwa, nyingine ni kuta za matofali zilizoota majani, zikimngoja mwenyewe apate fedha za bati.

Ni baada ya Mkuranga tu ndipo shamba lilipoanza kuushinda mji. Mikorosho ilitanda, vivuli vyake vizito vikigusa ardhi. Pale Kimanzichana nilisimama kununua machungwa. Kijana muuzaji alichungulia ndani ya gari, akauliza, "Dada, uko peke yako? Mpaka wapi?" Nilipomwambia Kilwa, aliniongezea machungwa mawili bila malipo.

MACHO YANAPODANGANYA

Jua lilizama nikiwa bado sijafika Bungu. Baada ya hapo barabara ikawa nyeusi, imenyooka, na kimya kikatanda pande zote. Mara moja moja taa za malori yatokayo kusini zilinimulika usoni, kisha giza likarudi likiwa zito kuliko kwanza.

Siku hiyo nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri ili nimalize kazi za ofisini kabla ya kuondoka. Mchana sikula kitu cha maana. Nilikuwa nimepanga kufika Kivinje usiku ule ule, nilale huko, ili Jumamosi yote niitumie kwa mazungumzo na shangazi. Kwa hesabu ya karatasi mpango huo ulikuwa mzuri, maana kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa ni kilomita zipatazo 300 tu, na lami ni ya kuaminika.

Mwili, hata hivyo, hausomi hesabu za karatasi. Katikati ya Bungu na Kibiti nilisikia mngurumo wa changarawe chini ya magurudumu ya kushoto. Nilishituka. Gari lilikuwa limeiacha lami. Sikuwa nimefumba macho, au ndivyo nilivyoamini. Lakini sikumbuki nililionaje kona lile. Nilirudisha gari barabarani taratibu, nikapunguza mwendo, na mahali penye mwanga wa duka nikasimama. Mikono ilikuwa ikitetemeka hata nikashindwa kumenya chungwa.

Hapa naomba niseme jambo ambalo wengi wetu tunalijua lakini hatulifuati. Usingizi haumpigi dereva hodi. Humjia macho yakiwa wazi. Kufungua kioo, kuongeza sauti ya redio au kunywa kahawa humsaidia kwa muda tu. Dawa ya usingizi ni kulala. Anayeendesha peke yake hana wa kumgutua wala wa kumpokea usukani, na kwa sababu hiyo inampasa asimame apumzike kila baada ya saa mbili hivi, hata kama anajiona mzima. Nami nilikuwa nimekwisha kaa kwenye usukani kwa zaidi ya saa nne, mbili kati ya hizo katika msongamano wa Mbagala.

Nilipofika Ikwiriri, saa mbili na robo usiku, sikujadiliana tena na nafsi yangu. Daraja lilikuwa mbele yangu kwa mwendo mfupi, nalo liko wazi. Lakini nilikata kona, nikaingia mjini kutafuta mahali pa kulala.

NYUMBA YENYE MWEMBE UANI

Nyumba ya wageni niliyoelekezwa ilikuwa ya vyumba sita, yenye ua uliofagiliwa ukabaki na michirizi ya ufagio, na mwembe mkubwa katikati. Mwenye nyumba, mama wa miaka 60 na kitu, alikuwa ameketi mkekani akitoa mawe katika mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona macho mekundu hivyo? Umelia au umeendesha?"

Nilimjibu kuwa nimeendesha. Hakuuliza zaidi. Alimwita mjukuu wake anitengee ndoo ya maji ya moto, akanionyesha chumba chenye kitanda, feni na chandarua kisicho na tundu. Nilipomaliza kuoga nilikuta mkeka umetandikwa chini ya mwembe, na juu yake sahani ya wali, kambale wa mtoni aliyepikwa kwa nazi, na bakuli la mchicha.

Nilikula kama mtu aliyefunga. Miguu ilikuwa imenyooshwa, hewa ni ya baridi kidogo, na hapakuwa na kelele isipokuwa vyura na redio ya jirani iliyokuwa ikisikika kwa mbali. Nakiri kwamba kwa miezi saba, tangu baba augue, hiyo ilikuwa saa yangu ya kwanza ya kukaa bila kungoja kuitwa.

Mama yule alikuja kuketi nami baada ya chakula. Tulizungumza mengi. Aliniambia kuwa wazazi wake walikuwa watu wa bondeni, wakilima mpunga na mahindi kwa kufuata maji ya mto yanavyopanda na kushuka. Mashambani walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti mirefu, ili kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe, na kujiokoa maji yanapojaa. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliendesha Operesheni Rufiji, watu wakahamishiwa vijiji vya nyanda za juu. Yeye alikuwa mtoto wakati huo. Alihamia huku akiwa amebeba kuku kichwani ndani ya tenga.

WALIOLALA NDUNDU

Nilipomtajia kuwa baba yangu alikuwa dereva wa lori, alicheka. "Basi nimempikia chai," alisema. "Mimi nilikuwa na banda pale kivukoni Ndundu. Madereva wote wa kusini walikula kwangu."

Nilimtajia jina la baba na lori alilokuwa akiliendesha. Alifikiri kwa muda, kisha akatikisa kichwa. "Simkumbuki, nisikudanganye. Walikuwa wengi. Wakati wa masika malori yalipanga mstari siku tatu, siku nne. Mtu alizaliwa jina pale, akafa jina pale."

Alinieleza jinsi walivyoishi. Malori yalifika jioni, dereva na utingo wakakuta kivuko kimefungwa. Wakakoka moto. Wengine walilala chini ya turubai, wengine juu ya magunia ya korosho. Barua zilibadilishana mikono pale: wa Lindi akimpa wa Dar es Salaam, wa Dar es Salaam akimpa wa Mtwara. Ukitaka kujua nani ameoa Nachingwea au nani amefiwa Mbagala, ulikwenda kuuliza kivukoni. Mvua zilipozidi, barabara ya kusini ilifungika kabisa, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki kutegemea meli na ndege.

Kisha likaja daraja. Lilifunguliwa mwaka 2003, urefu wake ukiwa mita zipatazo 970, likapewa jina la Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin William Mkapa, mwenyewe mzaliwa wa kusini. "Siku ile nililia kwa furaha," alisema mama yule, "maana ndugu zangu wawili walikufa maji katika mto huu. Lakini wiki iliyofuata nilipika chai, akaja mteja mmoja. Wiki ya pili hakuja mtu. Nikakunja banda langu, nikahamia hapa."

Nilimuuliza kama analisikitikia banda lake. Alinijibu: "Silisikitikii. Daraja limeokoa wajawazito wangapi? Ila kuna kitu kimoja tulikuwa nacho, siku hizi sikioni. Mtu akifika pale jioni amebeba habari ya msiba au ya ugonjwa, hatukumruhusu aivuke hivyo hivyo. Tulimpa maji akaoga. Tukampa chakula. Akalala. Asubuhi ndipo akavuka. Habari nzito, mwanangu, haipelekwi na mtu aliyechoka. Aliyechoka huitupa mlangoni kama mzigo."

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu safari yangu. Lakini maneno yale yalinikaa. Kwa kweli, njia nzima kutoka Temeke nilikuwa nikitunga maneno ya kumpa shangazi, na kila nilichotunga kilikuwa ni uongo mwingine, mpole kuliko wa kwanza: kwamba baba alipata homa kidogo, kwamba simu yake iliharibika, kwamba sasa anaendelea vizuri. Nilikuwa nataka kumaliza haraka na kurudi.

Usiku ule nililala saa nane mfululizo.

ASUBUHI KANDO YA RUFIJI

Jumamosi asubuhi, baada ya chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga, mama yule aliomba lifti hadi mtoni, akisema hajauona kwa muda. Niliegesha gari mbali na daraja, tukashuka kwa miguu hadi mahali ambapo mto unaonekana vizuri. Hatukusogea majini, kwani alinionya kuwa mamba na viboko wa Rufiji hawana utani.

Mto ulikuwa mpana, rangi ya chai ya maziwa, ukienda bila haraka. Maji yale yametoka mbali: mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu ndiyo inayoujaza Rufiji, kisha wenyewe unamwagika katika Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia, kupitia delta yenye misitu mikubwa ya mikoko. Huko juu, mto unakopenya katika korongo, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa mwezi Februari 2024. Mwaka huo huo, katika masika, maji yalifurika bondeni yakazamisha mashamba na nyumba za wananchi wa Rufiji na Kibiti.

"Unaona upande ule?" mama alinionyesha kwa kidole. "Banda langu lilikuwa pale." Sikuona kitu isipokuwa matete. Yeye alitazama kwa muda, kisha akasema, "Haya, nenda mwanangu. Ukirudi, pita."

Alikataa lifti ya kurudi. Alisema atapata bodaboda, na kwamba mimi nisigeuze gari kwa ajili yake.

KUSINI MWA DARAJA

Nilivuka Rufiji saa mbili na nusu asubuhi, vioo vikiwa vimeshushwa. Kutoka hapo nchi hubadilika. Vijiji hupungua, msitu huongezeka, na mtu aliye peke yake aweza kwenda dakika nyingi bila kuona nyumba. Kipande cha kilomita zipatazo 60 baina ya Ndundu na Somanga ndicho kilichokawia kuliko vyote kupata lami. Madereva wa zamani hukitaja kama mtu atajaye ugonjwa aliopona.

Upande wa kulia, kuelekea magharibi, ni nchi ya Wamatumbi. Huko, katika kijiji cha Nandete, ndiko wakulima walikong'oa pamba ya kulazimishwa mwezi Julai 1905, vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, tarehe 4 Agosti 1905. Mohoro yenyewe si mbali na barabara hii. Abiria wengi hupita hapa wakiwa wamelala.

Pale Somanga niliona alama za jambo la karibuni zaidi. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani hii, na mvua yake ikaikata barabara, magari yakakwama pande zote mbili. Kwa siku zile kusini kulirudi kuwa mbali kama enzi za kivuko. Nilipopita, kazi ya ujenzi ilikuwa imeacha udongo mwekundu kando ya lami, na madereva wote tulipunguza mwendo bila kuambiwa.

Saa tano kasorobo nilikuwa Nangurukuru, njia panda ambapo barabara ya Lindi huendelea kusini na ile ya Kilwa hukata kuelekea baharini. Nikakata kushoto.

BARAZANI KWA SHANGAZI

Kilwa Kivinje ni mji mkongwe. Katika karne ya 19 misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa, ikileta pembe na, kwa huzuni, binadamu. Majumba ya mawe ya enzi hizo na boma la Wajerumani bado yapo, mengine yakiwa yameota miti ukutani. Shangazi anaishi nyuma kidogo, katika nyumba ya udongo yenye paa la bati na baraza mbili.

Nilimkuta akisuka ukili.

"Hodi, shangazi."

"Karibu."

"Shikamoo."

"Marahaba." Hakuongeza neno "mwanangu," kama ilivyo desturi yake. Alisogea kidogo mkekani, nami nikaketi. Aliendelea kusuka. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Umekuja na nani?"

"Nimekuja peke yangu."

Vidole vyake vikasimama. "Ndugu yangu amekufa?"

"Hajafa, shangazi. Lakini tulikudanganya."

Nilimweleza yote tangu siku ya kwanza: jinsi baba alivyoanguka bafuni, siku alizolazwa, mkono, mguu, ulimi. Nilimweleza kuwa si kweli kwamba hakutaka kusema naye. Alikuwa akiona haya asikike. Sikupunguza wala sikuongeza. Sauti yangu ilikuwa tulivu kuliko nilivyotazamia, na ninaamini kuwa kama ningefika usiku ule wa Ijumaa, macho mekundu na mikono ikitetemeka, nisingeweza. Ningetoa ule uongo wa homa na simu mbovu, nikalala, nikarudi.

Shangazi alikaa kimya kwa muda mrefu. Hatimaye alisema, "Miezi saba nimemnung'unikia mgonjwa. Ninyi ndio mliofanya nimnung'unikie mgonjwa."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, kwa niaba yangu na ya kaka zangu. Hakusema kuwa amesamehe. Aliuliza tu, "Akisema, anaeleweka?"

"Ukimsikiliza kwa subira, anaeleweka."

"Basi mimi sina haraka," alisema. Akauweka ukili kando, akaingia ndani. Nilisikia sanduku likifunguliwa.

TULILALA TENA IKWIRIRI

Jumapili mchana tuliondoka Kivinje wawili, pamoja na kikapu cha korosho, nazi kumi na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Shangazi aliweka sharti moja: hataki kuhamia Mbagala wala Mtoni. Anakwenda kumwona mdogo wake, akae naye mwezi mmoja, kisha arudishwe kwake kabla ya mvua. Nilimwahidi.

Alitaka pia tushuke mtoni. Tangu daraja lijengwe alikuwa amekwenda Dar es Salaam mara mbili, na mara zote mbili basi lilivuka yeye akiwa amesinzia. Jua lilikuwa likielekea kuzama tulipovuka. Upande wa pili nilimshika mkono, akasimama akiutazama mto, mtandio wake ukipeperuka. "Hapa," alisema, "baba yako alinivusha mwaka nilipokwenda kujifungua hospitali. Tulilala siku mbili. Alinipa blanketi lake yeye akalala juu ya magunia."

Ningeweza kuendelea hadi nyumbani usiku ule. Nilisikia uzito machoni, nikageuza gari kuelekea ile nyumba yenye mwembe. Wazee wale wawili walikesha wakizungumza habari za Ndundu, mimi nililala.

Tulifika Mtoni Jumatatu kabla ya adhuhuri. Baba alikuwa barazani, kitini pake. Alipomwona anayeshuka garini alitaka kuinuka, mguu ukamkatalia. Shangazi hakulia, wala hakumwuliza habari za ugonjwa. Alivua viatu, akaketi mkekani karibu na mguu wake mbovu, akaanza kumvunjia korosho.

Baba alifungua kinywa. Alikuwa akilitafuta jina la dada yake, lile la utotoni ambalo sisi watoto hatuliiti. Alijaribu mara ya kwanza, mara ya pili. Sisi tuliosimama mlangoni tulitaka kumsaidia, lakini shangazi alituinulia kiganja tunyamaze.

Mara ya tatu alilipata.

"Naam," shangazi akaitika, "nipo."

Ndugu msomaji, wengi wetu tuishio Temeke, Mbagala, Kinondoni na kwingineko tumeacha shangazi, mjomba au bibi huko nyuma ya mito. Zamani tulisema barabara mbaya. Leo barabara ipo na daraja lipo. Ukiwa na neno zito la kuwapelekea, lipeleke mwenyewe, ulipeleke zima. Na ukifika ukingoni jioni umechoka, lala. Mto utaukuta asubuhi.